Uchafu wa Dada Adela

Asubuhi za mwezi wa sita mjini Songea si za mchezo. Ukungu hushuka kutoka milima ya Matogoro ukakaa juu ya mabati ya mtaa wa Lizaboni kama mgeni asiyetaka kuaga, na maji ya bomba yanauma vidole. Hata hivyo, kila siku kabla ya kwenda shule Domina alikuwa na kazi zake: kuteka maji, kufagia uwanja, kisha kumkorogea mama yake uji wa kutengenezea togwa. Mama yake, Lidwina, aliuza kinywaji hicho kitamu pale pale nyumbani. Lakini sasa alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na kuinama juu ya sufuria kubwa kulimpa taabu.

"Koroga, mwanangu, usisinzie," mama alisema. "Uji ukishika mabonge wateja watanikimbia."

Domina alikoroga, lakini macho yake hayakuwa kwenye sufuria. Yalikuwa kwenye kichanja kilichosimama upande wa pili wa uwanja, karibu na kile cha vyombo. Juu yake zililala paneli nyeusi zilizofunikwa kwa kioo, na mpangaji wao alikuwa akizifuta vumbi kwa kitambaa laini, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Mpangaji huyo alikuwa Dada Adela, mzaliwa wa Hanga. Alisoma mpaka chuo kikuu Dar es Salaam, na sasa alikuwa mtafiti wa umeme wa jua. Alikuja Songea kujaribu paneli, na kazi yake ikienda vizuri, moja ingefungwa katika zahanati ya parokia, iwashe taa kwenye chumba cha kujifungulia.

Taa hiyo Domina aliingoja kuliko alivyoingoja Krismasi. Mama alipojifungua mdogo wake, Longino, zahanati ilikuwa na koroboi tu. Mafuta yake yalikuwa yamechanganywa na maji dukani, basi ikakohoa, ikatema cheche, ikazimika. Mpaka leo mama husimulia jinsi Sista Ekaristia, mkunga wa zahanati, alivyopapasa gizani akiomba rozari kwa sauti ya kutetemeka. Safari hii kutakuwa na taa ya kweli. Je, kama hizo paneli ni bandia?

Msimlaumu Domina kwa kufikiri hivyo. Nyumba ile ilikuwa imeumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka ile soko huria lilikuwa bado jipya, na wafanyabiashara wa kila namna walimiminika. Baba yake Domina, Mzee Urbani, alinunua mbolea kwa mmoja wao, akaitia katika shamba lake la mahindi huko Mpitimbi. Mahindi yakatoka ya njano, mafupi kama nyasi za uani. Alipouchunguza mfuko uliobaki, alikuta nusu ni mchanga. Tangu siku hiyo alikuwa na msemo wake. Akinunua sabuni, akinunua chumvi, hata akipewa biskuti, ataitazama, ataipindua, kisha atasema, "Soko huria, uchafu huria!"

Domina alijifunza kutazama na kupindua vivyo hivyo. Na kwa Dada Adela aliona mengi ya kupindua. Kwanza, mtu anayetafuta jua anakuja Songea mwezi wa sita kufanya nini, watu wanapovaa masweta? Si angebaki huko huko Dar es Salaam wanakotoka jasho? Pili, mara nyingine alizifunika paneli kwa kitenge cheusi mchana kweupe, akapima kwa mita yake yenye mshale, akafunua, akapima tena. Anaficha nini? Tatu, alikuwa na kisanduku kidogo alichokifunga kwa kufuli.

Siku moja Domina alijipa moyo akamsogelea.

"Shikamoo Dada Adela."

"Marahaba, Domina. Hujambo?"

"Sijambo. Eti, hizi paneli zimetengenezwa kwa kitu gani?"

Dada Adela alitabasamu. "Kwa mchanga."

"Mchanga!"

"Ndiyo, mchanga wa kawaida. Unayeyushwa, unasafishwa, ndipo..."

Kabla hajamaliza, mama aliita kwamba uji unaungua. Domina akakimbia, na hakurudi kusikia yaliyobaki. Jioni, wakila ugali, alimweleza baba yake. Mzee Urbani aliacha tonge hewani.

"Mchanga? Kasema mwenyewe kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, baba."

"Loo! Mchanga umenifuata mpaka nyumbani kwangu!"

"Baba Domina, acha maneno," mama alisema. "Yule binti ana adabu zake."

"Hata yule wa mbolea alikuwa na adabu. Alinisalimia mpaka na kuku wangu."

Jumamosi, Domina akiosha vyombo nyuma ya banda la kuku, alimsikia Dada Adela akizungumza na Otto, fundi redio aliyekuwa akimsaidia kuunganisha nyaya. Walikuwa wamefungua kile kisanduku.

"Hiki kipande cha kwanza hakitoi kitu," Otto alisema. "Mshale umelala kabisa."

"Hicho hakijatiwa uchafu," Dada Adela alijibu. "Ni safi mno. Silikoni safi mno haitusaidii kitu, Otto. Hiki kingine nimekitia uchafu mwenyewe, kule chuoni. Kidogo sana. Hata uvae miwani huwezi kuuona."

"Na ile paneli ya zahanati?"

"Nayo imetiwa. Zote zimetiwa."

Sahani ilimponyoka Domina, ikaanguka kwenye beseni. Ametia uchafu! Tena kidogo, usionekane! Alishikwa na hasira, na hofu kwa ajili ya mama yake. Hapo angetoka nyuma ya banda akauliza swali moja tu, "Uchafu gani, dada?", hadithi hii ingeishia hapo, nami ningekosa cha kuwasimulia. Lakini hakuuliza. Aliacha vyombo na povu lake, akaenda mbio kwa rafiki yake Hilda.

Hilda alisikiliza mdomo wazi, kisha akamwambia mama yake, Mama Hilda, muuza dagaa wa sokoni. Mama Hilda alikuwa mama mwema, ila neno lilikuwa halilali kwake.

"Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja!" Akachukua kapu lake.

Siku ya pili, watu walipotoka kanisani, maneno yalikuwa yamekwisha kuota miguu. Wengine walisema uchafu ule unatoa moshi usioonekana, unaunguza matumbo ya wajawazito. Wengine walisema yule dada si msomi hata kidogo, ametumwa na tajiri fulani kuja kumaliza mali mbovu. Mzee mmoja alisema ndiyo maana ukungu mwaka huu haupandi mapema. Domina alisimama katikati yao akishangaa. Hakuwa amesema habari ya moshi, wala ya tajiri, wala ya ukungu. Hata hivyo alinyamaza, na tena, kusema kweli, alijisikia mkubwa kidogo.

Jumatatu jioni Sista Ekaristia alifika na baiskeli yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Sista."

Sista hakukaa. "Lidwina, nimekuja kukuambia mwenyewe usije ukasikia barabarani. Kamati ya zahanati imezuia ile taa. Mzee Polikarp, mwenyekiti, anasema hawezi kuwawekea akina mama kitu chenye mashaka. Basi tutatumia koroboi kama zamani."

Domina alidhani mama atashukuru kwamba ameepushwa na hatari. Mama hakushukuru. Aliuweka mwiko chini, akaushika mgongo wake, akatazama mbali.

"Haya," alisema polepole. "Mungu yupo."

Domina hakuwahi kumwona mama yake akiogopa. Sasa alimwona.

Keshoye mambo yalizidi. Togwa ilikuwa tayari, imepoa vizuri kwenye ndoo, lakini wateja hawakuja. Mchana ulipita, ndoo imejaa vile vile. Mwisho akaja Mama Hilda. Hakuketi kwenye benchi. Alisimama kwa mbali, akachungulia sufuria ya uji uliokuwa ukipoa kwa ajili ya kesho, na karibu yake bakuli la unga wa kahawia.

"Lidwina, mwenzangu, usinifikirie vibaya. Watu wanasema, kama mpangaji anatia uchafu, mwenye nyumba je? Hebu niambie, huo unga unaoutia kwenye uji ni kitu gani?"

Mama alimkazia macho. "Mama Hilda! Ni kimea! Ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa! Wewe umeachishwa ziwa kwa togwa, leo unaniuliza kimea ni nini?"

"Mimi nauliza tu," Mama Hilda alisema, akaondoka bila kunywa.

Mama aliketi kwenye kinu, machozi yakamtoka. Mteja pekee wa siku ile alikuwa Dada Adela. Alikuja na kikombe chake kama kawaida, akanywa mpaka chini, akasema, "Tamu, Mama Domina. Nitaikumbuka huko Dar. Kesho naondoka. Kama watu hawaitaki taa yangu, sina cha kufanya hapa." Kisha akaenda kufungua nyaya kwenye kichanja. Domina alitamani ardhi ipasuke immeze. Uvumi wake ulikuwa umeizima taa ya mama, na sasa unaimwaga togwa ya mama. Lakini bado sauti moja ndani yake ilisema, "Mbona ulimsikia kwa masikio yako?"

Basi safari hii alifanya lile alilopaswa kufanya tangu mwanzo. Alimwendea baba yake kwenye bustani ya mbogamboga nyuma ya nyumba.

"Baba, kabla hajaondoka, kwa nini tusimuulize?"

Mzee Urbani aliegemea jembe. "Tumuulize tapeli kama ni tapeli?"

"Wewe yule wa mbolea ulimuuliza?"

"Sikumuuliza," alikiri. "Nilimwamini bila kuuliza. Sasa huyu nimemkataa bila kuuliza." Akaweka jembe chini, akaenda kumwita Mzee Polikarp.

Kesho yake asubuhi uwanja ulijaa. Alikuwepo Mzee Polikarp na fimbo yake, Sista Ekaristia, Mama Hilda mstari wa mbele, na majirani ambao hawakualikwa. Mizigo ya Dada Adela ilikuwa imekwisha kufungwa mlangoni.

"Binti," Mzee Polikarp alianza, "sisi hatutaki ugomvi. Tunataka neno moja. Paneli ya zahanati umeitia uchafu, au hukuitia?"

Domina alimwomba Mungu kwamba Dada Adela aseme hapana.

"Nimeitia, mzee," Dada Adela alisema.

"Mmesikia!" Mama Hilda alipiga makofi. "Mmesikia wenyewe!"

"Nimeitia," Dada Adela alirudia, sauti ikipanda, "na nisingeitia isingewasha hata kijitaa cha kuchezea watoto. Otto, lete kisanduku!"

Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimpendeza. Alifungua kisanduku mbele ya wote, akatoa vipande viwili vyembamba vinavyong'aa. Cha kwanza alikiunganisha na mita, akakielekeza kwenye jua lililokuwa linachomoza juu ya ukungu. Mshale haukutikisika.

"Hiki ndicho kisafi. Hakina uchafu hata chembe. Mzee Polikarp, shika mwenyewe. Kinatoa nini?"

"Hakitoi kitu."

"Haya, kingine." Alipounganisha cha pili mshale uliruka. Watu wakasogea. Kisha Otto akaiunganisha paneli ya zahanati na redio yake isiyo na betri. Redio ikaanza kuimba kwaya. Dada Adela akaifunika paneli kwa kitenge cheusi, redio ikakata. Akafunua, ikaimba tena.

"Kumbe kitenge kilikuwa cha hivyo!" Domina aliropoka.

"Cha hivyo tu. Napima gizani, napima kwenye mwanga, nijue tofauti." Dada Adela aliwageukia watu. "Sikilizeni. Kuna vitu vinavyopitisha umeme, kama waya wa shaba. Kuna vinavyoukataa, kama mti mkavu. Silikoni iko katikati, ndiyo maana sisi tunaiita nusukipitishi. Ikiwa safi, chembe zake za umeme zimeshikwa, na hata mwanga ukiziamsha hazijui ziende wapi. Sasa upande mmoja naitia fosforasi kidogo, upande wa pili naitia boroni kidogo. Pande hizo zikikutana pale katikati panakuwa na msukumo. Mwanga ukiamsha chembe, zinasukumwa zote kwenda upande mmoja. Zikitembea hivyo, ndio umeme."

Mzee Polikarp alikuna kidevu. "Hapo umeniacha njia panda, binti."

Dada Adela alitazama huku na huku, macho yake yakaangukia sufuria ya Lidwina na bakuli lililokuwa kando yake.

"Mama Domina, ule uji ukiuacha bila kimea, kesho utakuwa nini?"

"Utakuwa uji mchachu," mama alisema. "Wa kumwagia kuku."

"Na ukiutia kimea?"

"Unalegea, unakuwa mtamu, unakuwa togwa. Lakini kidogo tu, na kwa kipimo..." Mama alishika mdomo. "Jamani! Kumbe ni kimea! Huyu mtoto anatia kimea kwenye mchanga wake, nyie mnamfukuza!"

Kicheko kilipasuka uwanjani. Hata Sista alifunika uso kwa shela. Mama Hilda alitazama vidole vya miguu yake.

"Na baridi je?" Mzee Urbani aliuliza. Mtu kama yeye haachi swali njiani. "Mbona umekimbilia Songea, hujabaki kwenye joto?"

"Baba Domina, paneli inakula mwanga, haili joto. Joto likizidi, nguvu yake inapungua. Hapa mwezi wa sita ukungu ukiondoka jua ni jeupe na hewa ni baridi. Kwa kazi yangu hapa ni pazuri sana. Wenyewe hamjui mlicho nacho."

Mzee Polikarp alicheka, akagonga fimbo chini. "Basi, mlongo, ndugu yangu Urbani, tumeaibika. Lakini niulize la mwisho. Binti, neno hili la uchafu ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Otto tu. Kwa Kiingereza lina jina lake, mimi nikalisema kwa Kiswahili nilivyoweza. Labda nililichagua vibaya."

Wote walitazamana. Hakuna aliyemtazama Domina. Angeweza kunyamaza, na uvumi ungebaki hauna mama wala baba. Hilda, aliyekuwa kando yake, alimfinya mkono asiseme.

"Ni mimi," Domina alisema. "Nilisikia nyuma ya banda. Sikuuliza. Nikaenda kusema." Kisha akalia kwa sauti, mbele ya watu wote, bila kuficha uso. "Nilimwogopea mama!"

Dada Adela hakumkumbatia upesi, maana maneno yale yalikuwa yamemuumiza kweli, na alitaka Domina ajue hivyo. "Ungeniuliza," alisema, "ningekuonyesha siku ile ile. Sasa utanisaidia. Kila ulikolipeleka lile neno, utalifuata ulirudishe. Nitafungua mizigo yangu ukirudi."

Domina alikwenda. Alikwenda kwa Hilda, akaenda sokoni kwenye meza za dagaa, akaenda bombani, akaenda hata kwa yule mzee wa ukungu. Kulirudisha neno kulimchosha kuliko kuteka maji, maana wengine walimcheka, na wengine walisema uongo ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi. Mama Hilda alimfuata nyuma akisema, "Ni kweli, ni kweli, nami nilikosea," na siku hiyo alinunua togwa ya kugawia soko zima.

Taa ilifungwa zahanati wiki ile ile, pamoja na betri ya kutunza umeme wa mchana mpaka usiku. Na mtoto hakukawia. Alizaliwa alfajiri yenye ukungu mzito, chini ya taa nyeupe isiyokohoa wala kutema cheche, na Sista Ekaristia hakupapasa kitu. Mtoto alikuwa wa kike. Mzee Urbani alipofika alimtazama, akampindua kidogo kama alivyozoea, akasema, "Huyu ni halisi. Tumwite Kimea."

"Thubutu!" mama alisema kutoka kitandani, na wote wakacheka.

Domina aliketi ukingoni mwa kitanda, akiitazama taa. "Mama, umenisamehe?"

"Nimekusamehe zamani," mama alisema. "Lakini sikiliza, na umfundishe na huyu mdogo wako. Kuwa na mashaka si dhambi. Baba yako angekuwa na mashaka kidogo, asingenunua mchanga. Ila mashaka yana njia mbili. Ukiyapeleka kwa mhusika, yanakuwa swali, na swali linajibiwa. Ukiyapeleka kwa jirani, yanakuwa uvumi, na uvumi haujibiwi na mtu. Wewe uliujali uhai wangu, ukakaribia kunizalisha gizani kwa kukosa kuuliza. Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Domina aliitikia kwa kichwa. Nje, mlango ulibishwa taratibu, na Hilda akachungulia, macho yamemtoka.

"Domina! Hujasikia? Watu wanasema mwalimu wetu wa hesabu anahamishwa kwa sababu ame..."

"Amefanya nini?" Domina alisimama, akamshika mkono. "Yupo shuleni sasa hivi. Twende tukamuulize."